Manju na Miezi ya Mvua

Kila kazi ina majira ya kushiba na majira ya kungoja. Mvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria hukaa pwani mbalamwezi inapong'aa, kwa sababu samaki hawaifuati taa yake katika usiku mweupe. Mwashi huweka mwiko chini mvua inapozidi. Mchuuzi wa vitambaa huhesabu siku mpaka wakulima walipwe. Kazi ya maneno nayo haikutolewa katika kanuni hiyo, ingawa wengi hudhani kwamba mtunzi, maadamu mali yake imo kichwani, hana masika wala kiangazi. Katika nchi ya Igoma na jirani zake, mashariki ya jiji la Mwanza, historia ya zaidi ya karne moja yakanusha dhana hiyo. Huko mtu aliyetafuta riziki kwa wimbo aliujua mwezi atakaoitwa na kila kijiji, na aliujua mwezi ambao hapana mtu atakayeuliza habari zake. Namna alivyoyapitisha majira hayo ya pili ni sehemu ya historia ya fasihi kama zilivyo nyimbo zenyewe.

Jina la Igoma hukumbukwa na Watanzania wengi kwa msiba, kwa kuwa huko walizikwa wengi wa abiria wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Leo ni kata ya wilaya ya Nyamagana, yenye soko, maduka na nyumba zilizobanana. Barabara iendayo Musoma hupita hapo, na baada ya mwendo mfupi hufika Kisesa na kilima cha Bujora. Lakini kabla ya kuwa mlango wa jiji, nchi hii ilikuwa mashamba, na mashamba yalikuwa na saa yao. Mvua huanza Novemba, hupungua Januari na Februari, hurudi kwa nguvu Machi na Aprili, na ifikapo Juni ardhi imekauka. Kwa mwaka mzima hunyesha karibu milimita 1,000. Mtama, mahindi, mihogo na baadaye pamba vilifuata saa hiyo; na ngoma, ambayo Wasukuma huiita mbina, ilifuata mazao.

Kabla ya pamba, kiangazi kilikuwa pia wakati wa safari. Vijana wa Usukuma na Unyamwezi walijitia katika misafara ya kwenda pwani kubeba pembe za ndovu na bidhaa, na waliotaka kuwahi kupanda walijitahidi kurudi kabla ya mvua mpya. Speke naye aliufikia ukingo wa ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, katikati ya kiangazi, nyuma ya wapagazi waliojua njia kabla yake. Mpagazi mwenye sauti nzuri alikuwa na thamani katika msafara, kwani mzigo haubebwi kwa mabega peke yake. Hubebwa pia kwa wimbo. Hivyo hata katika zama hizo za kale mwimbaji alikuwa na miezi ya kutoka na miezi ya kukaa, na mpaka baina ya miezi hiyo ulichorwa na mawingu.

Mashindano ya ngoma ndiyo yaliyompa manju heshima yake kubwa. Manju huyo Wasukuma humwita ningi: ndiye mtunzi, ndiye mwimbishaji, ndiye kiongozi wa kundi. Katika karne ya 19, kwa mujibu wa mapokeo, waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma, na kila mmoja akaacha nyuma yake umati wa wafuasi. Wafuasi wa Ngika waliitwa Bagika, na wa Gumha waliitwa Bagalu. Kanuni ya ushindani wao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapakuwa na mwamuzi isipokuwa miguu ya watazamaji. Mtu aliyechoshwa na wimbo wa upande huu alihamia upande wa pili, na kuhama kwake kulikuwa ndiyo kura yake.

Katika hali kama hiyo wimbo wa mwaka jana haukufaa kitu. Watazamaji walikwisha kuusikia, na mahasimu walikwisha kuutungia jibu. Manju alilazimika kuingia kiangazini na maneno mapya: habari za mwaka, mafumbo, masifu ya wenyeji, na kejeli kwa manju wa upande wa pili, ambayo ilipendwa kupita yote. Makundi yalijikinga na kujitafutia mvuto kwa dawa iitwayo samba, na wazee husimulia ushindi mwingi kwa jina la dawa hiyo. Mtu asiyeamini dawa ataona katika masimulizi hayo hayo sababu nyingine isiyo ya siri, nayo ni mazoezi ya miezi mingi, yaliyofanywa wakati ambapo hapakuwa na mtazamaji hata mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Simulizi za mashujaa wa ngoma hupenda uwanja, vumbi na umati. Ng'wanamalundi, ambaye jina lake halijafutika Usukumani, husimuliwa akikausha miti kwa kuinyooshea kidole, na husimuliwa akifungwa na Wajerumani walioogopa nguvu zake. Ni nadra kusikia simulizi ya manju aliyeinama katika tuta la viazi mwezi Desemba, matope yakimfika magotini, midomo ikicheza bila sauti. Walakini wimbo ulioshinda Julai ulianza kutungwa katika matope hayo. Msimu wa mvua ulikuwa ukimya wa nje tu. Kwa ndani ulikuwa karakana.

Riziki yenyewe ilipatikanaje katika miezi hiyo? Jibu la kwanza ni jembe. Manju hakuwa mtu wa tabaka la peke yake kama washairi wa nyua za wafalme katika nchi nyingine. Alikuwa mkulima aliyejua kuimba, na shamba lake lilimlisha kama lilivyowalisha waliomtazama. Jibu la pili ni mifugo. Zawadi za kiangazi, zilipozidi mahitaji, ziligeuzwa kuwa mbuzi au ng'ombe, na mnyama huyo aliweza kuuzwa Februari, ghala linapoonyesha sakafu. Mwenye kula zawadi zake zote uwanjani, kwa pombe na kwa kutafuta sifa, alionja uchungu wa ubadhirifu huo kabla mahindi mapya hayajakomaa.

Jibu la tatu ndilo lenye maana kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa fasihi. Katika miezi ya kulima ulikuwapo wimbo wa kulima. Makundi ya bugobogobo yalialikwa na mwenye shamba kubwa. Yalikuja na ngoma na majembe, yakalima kwa mstari huku yakiimba, majembe yakipanda na kushuka kwa pigo moja, na ujira ulikuwa mnyama, chakula au fedha, kwa kadiri ya mapatano. Kwa hiyo manju hakufunga kabisa duka lake mvua ziliponyesha. Alibadili bidhaa. Wimbo wa kulima hauwezi kuwa mrefu wala kujaa mafumbo, kwa sababu mwitikiaji anahema. Wataka mstari mfupi, kiitikio cha haraka, na neno lenye kutia nguvu mkono uliochoka. Yamkini hiyo ndiyo sababu nyimbo nyingi za Usukuma, hata zile za uwanjani, zina uzani wa jembe ndani yake. Siku hizi bugobogobo huchezwa na wasanii majukwaani, majembe yakirushwa hewani na kudakwa kwa ustadi, na mtazamaji aliyezaliwa mjini huweza kudhani kwamba jembe liliingia katika ngoma kwa ajili ya pambo.

Pamba ilibadili hesabu yote. Zao hili lilienea Usukumani chini ya utawala wa Waingereza, na malalamiko ya wakulima juu ya mizani ya wanunuzi yakawa chanzo kimojawapo cha ushirika. Mwaka wa 1955 vyama vyao viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, na huchumwa na kuuzwa kiangazini. Kwa hiyo katika miezi ile ile ya mbina fedha taslimu iliingia mikononi mwa watu waliozoea kumtuza mwimbaji kwa nafaka au kuku. Lakini kuchuma, kuchambua na kusafirisha pamba kulikula siku ambazo zamani zilikuwa za mapumziko. Pamba iliongeza fedha ya kumtuza manju, ikapunguza siku za kumtazama. Manju hodari alijifunza kuingoja mizani: alifika kijijini baada ya malipo, si kabla yake.

Katika miaka hiyo hiyo walikuja wafadhili wa namna mpya. Pale Bujora, Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la White Fathers kutoka Kanada, alizikaribisha ngoma za Kisukuma karibu na kanisa, akakusanya vifaa vya kale ambavyo baadaye vilikuwa makumbusho, na maandamano ya Ekaristi ya mwezi Juni yakakua na kuwa sikukuu ya Bulabo, ambamo makundi ya ngoma hushindana mpaka leo. Wakati wake ulichaguliwa na kalenda ya Kanisa, lakini uliangukia hasa mwanzo wa mbina, na bila shaka sikukuu hiyo isingalistawi hivyo kama ingaliangukia Januari. Mtaalamu wa serikali Hans Cory, Mwaustria aliyefariki mwaka wa 1962, naye alizikusanya nyimbo nyingi za nchi hii, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hivyo sauti zilizotegemewa kuishi kiangazi kimoja zikapata makao katika masanduku ya maktaba. Ufadhili huo haukuwa mdogo kwa historia. Kwa manju mwenyewe, aliyekuwa akiuza ng'ombe wake Februari, hauelekei kuwa ulibadili mengi.

Siasa ilifanya zaidi. Kati ya miaka ya 1954 na 1958 serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika Usukuma. Chama kilihitaji cheti ili kiruhusiwe kukutana, wimbo haukuhitaji. Baada ya uhuru dola mpya nayo ikawa na sikukuu zake, na zilimgusa manju kwa namna zisizolingana. Saba Saba, siku ya kuzaliwa kwa TANU, iliangukia Julai, kilele cha mbina, ghala likiwa limejaa na koo likiwa limezoea kuimba. Siku ya Uhuru, 9 Desemba, iliangukia wakati wa kupanda. Mwimbaji aliyeitwa kuipamba aliacha jembe shambani, na siku iliyopotea Desemba hailipwi na makofi. Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza mwaka wa 1967 kuliunga mkono Azimio la Arusha, ilikuwa Oktoba, vumbi la mwisho kabla ya mvua. Wachagua tarehe za serikali hawakuwa wakiwafikiria watunzi, walakini tarehe hizo ziliwapa baadhi ya miaka mlo mmoja zaidi.

Kisha msingi wenyewe ukatikisika. Shirikisho la Viktoria lilivunjwa mwaka wa 1968, vyama vya ushirika vikafutwa nchini mwaka wa 1976, na katika miaka iliyofuata malipo ya pamba yalichelewa mara kwa mara, hata mkulima akarudi nyumbani na karatasi badala ya fedha. Karatasi haituzwi uwanjani. Kabla ya hapo, mwaka wa 1974, kaya nyingi za mkoa wa Mwanza zilikwisha kuhamishiwa katika vijiji vipya, na ujirani uliokuwa ukiunda makundi ya kulima na kucheza ukapangwa upya kwa kamba ya mpimaji. Manju alikuwa na ujuzi wa kupitisha miezi 6 ya ukimya. Ujuzi huo ulitegemea hakika moja, kwamba Juni itakuja na kitu mkononi. Juni iliyokuja mikono mitupu ilikuwa jambo ambalo babu zake hawakumfundisha, ila kwa miaka ya njaa, na miaka ya njaa haikuwa kawaida.

Mjini Igoma siku hizi wengi hawavuni kitu. Mishahara, biashara ndogo na vibarua vimeigeuza kalenda: mwisho wa mwezi umechukua nafasi ya mwisho wa masika. Waimbaji wa Kisukuma hurekodi nyimbo zao, nazo husambaa katika simu kwa siku chache. Arusi huwaita, na kila baada ya miaka 5 kampeni za uchaguzi huwaita, nazo zimeangukia kiangazi kama mbina. Kando yao wamezaliwa watu wa kalamu waitwao waandishi wa kujitegemea, ambao hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na wiki isiyo na habari ni wiki isiyo na malipo. Wanaoandikia ofisi au kufasiri hati hufuata fungu la fedha, na fungu hilo hufuata mwaka wa serikali unaoanza 1 Julai. Nao pia, basi, wana miezi yao ya mvua. Tofauti ni kwamba mvua hiyo haionekani angani, wala haiwanyeshei wasomaji wao wakati huo huo. Manju alipokuwa na njaa, aliowaimbia nao walikuwa wakipima unga. Walijua kwa nini amenyamaza. Mwandishi huona njaa peke yake, katika mtaa ambao pengine mikahawa yake imejaa watu.

Ukiwa huo una historia yake katika ziwa hili, na historia hiyo iko ng'ambo, katika kisiwa cha Ukerewe. Aniceti Kitereza alizaliwa huko mwaka wa 1896, katika ukoo wa watawala, akasomeshwa na wamisionari mpaka seminari ya Rubya, alikojifunza Kilatini na Kijerumani pamoja na elimu nyingine. Baada ya kurudi kwao alioa, akafanya kazi mbalimbali, akafasiri maandiko ya dini kwa ajili ya misheni, na kwa kuhimizwa na Padre Almas Simard akaandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya maisha ya watu wake kabla ya kuja Wazungu, habari za Myombekere na mkewe Bugonoka waliotamani mtoto. Aliimaliza mwaka wa 1945. Ndipo ulipoanza msimu wake wa ukimya.

Wachapishaji waliihesabu hadhira yake na kuiona chache mno: wasomaji wa Kikerewe hawakutosha kulipa gharama ya kitabu kinene kama hicho. Manju wa Igoma angalikwenda na wimbo wake uwanjani bila kumwomba mtu ruhusa, na jioni ile ile angalijua kama umependwa. Kitereza alikuwa na kazi iliyokamilika na hana uwanja. Mwenzake wa pwani, Shaaban Robert, aliyeishi tangu 1909 mpaka 1962, alikuwa karani wa serikali tangu mwaka wa 1926. Mshahara ulikuwa jembe lake, na lugha aliyoandikia ilikuwa na wasomaji kutoka Lamu mpaka Kongo. Hata hivyo hakukosa taabu za kuchapisha. Mtu wa Ukerewe alikuwa na taabu hizo zote na lugha ya kisiwa.

Alichofanya katika miaka hiyo ndicho kinachomweka karibu na manju kuliko karibu na mtu mwingine yeyote. Hakungoja mikono ikiwa kifuani. Mwanahistoria wa Kimarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walipoishi Ukerewe kwa utafiti katika miaka ya 1968 na 1969, walimkuta mzee mwenye mswada, wakajitahidi kuutafutia mchapishaji. Ilipodhihirika kwamba kitabu kitapita kwa mlango wa Kiswahili tu, Kitereza alikaa akakifasiri mwenyewe chote, ukurasa baada ya ukurasa, akiwa na umri uliopita miaka 70 na maradhi ya viungo yaliyomtesa. Alibadili bidhaa, kama manju aliyeacha wimbo wa kejeli akashika wimbo wa kulima. Wapo wanaosikitika kwamba riwaya ya kwanza ya Kikerewe ilifika duniani kwa lugha nyingine, na masikitiko hayo yana haki. Lakini tafsiri hiyo ilifanywa na mkono ule ule uliotunga, jambo ambalo watunzi wachache wa lugha ndogo wamelipata, na harufu ya Kikerewe haikutoka katika Kiswahili chake.

Mswada ulipelekwa Dar es Salaam, katika Tanzania Publishing House, nao ukakaa. Miaka ya 1970 ikapita. Kitabu kilitolewa kwa juzuu mbili chenye tarehe ya 1980, miaka 35 baada ya Kitereza kuweka kalamu chini mara ya kwanza. Nakala zilikuwa bado safarini kuelekea kisiwani alipofariki mwezi Aprili 1981, masika yakiwa hayajakwisha.